Nyumba mbili kabla ya Juni: kujiandaa na kipupwe Nyanda za Juu Kusini

Huku kwetu baridi haipigi hodi. Mvua zinakata, unavuna maharage ya mwisho, halafu jioni moja ya Mei unashangaa umeshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Asubuhi yake ukifungua mlango, pumzi inatoka kama moshi. Ukianza kutafuta blanketi siku hiyo, utawakuta wenzako wote wako soko la Mwanjelwa, Mbeya, wanachambua marobota yale yale ya mitumba, na bei imeshapanda.

Mimi nimezaliwa Makete, nimeolewa Uyole, na ndugu zangu wametapakaa Njombe, Mafinga na Iringa mjini. Kote huko kipupwe tunakijua. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000, na ukipanda Kitulo unafika kwenye 2,600. Kuanzia Juni hadi Agosti anga la usiku ni jeupe, hakuna mawingu ya kuifunika ardhi, na joto lote la mchana linapaa. Ndiyo maana saa saba mchana unaota jua kibarazani umevaa shati tu, na alfajiri unakuta sakitu imelala juu ya majani ya viazi, nyeupe kama chumvi iliyomwagwa.

Nimepanga kazi kwa mfuatano wake, kuanzia Mei hadi Septemba. Sharti ni moja tu, na naliweka mwanzoni: kila kazi iliyoandikwa hapa ifanyike katika nyumba mbili. Ya kwanza ni yako. Ya pili ni ya mzee wa karibu nawe anayeishi peke yake, au na wajukuu wadogo. Wazee wengi wa mikoa hii watoto wao wako Dar es Salaam na Dodoma wakitafuta maisha. Wengine waliwazika watoto wao kwa UKIMWI, uliotupiga vibaya sana huku, wakabaki kulea wajukuu wakati nguvu zimeshawaishia.

Mwaka mmoja, katikati ya Juni, nilimpelekea bibi jirani uji nikamkuta amepasua kigoda chake, anakichochea motoni. Palikuwa na nyumba kumi ambazo angeweza kuomba kuni. Hakuomba hata moja, na mojawapo ya hizo kumi ni yangu. Tangu hapo sihesabu maandalizi yangu kuwa yamekamilika mpaka na kwake yakamilike.

Wiki ya kwanza ya Mei: chagua nyumba ya pili na uombe ruhusa

Usianze na msaada. Anza na kutembelea. Mzee wa huku amelima maisha yake yote, amesomesha, amejenga. Ukimjia na "bibi, tumekuja kukusaidia", umeshamvua nguo mbele ya wajukuu wake. Nenda jioni, peke yako au na mtoto mmoja. Msalimie kwa lugha yake kama unaijua. "Kamwene" ukiwa Njombe au Iringa na "ugonile" asubuhi ya Tukuyu zinafungua mlango kuliko kifurushi cha sukari. Kama huijui, shikamoo inatosha, halafu kaa. Kaa kweli, usisimame mlangoni.

Maneno ninayotumia mimi ni haya:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu uketi."

"Bibi, wanangu wanafunga shule mwezi ujao. Sitaki wakae bure. Nataka wajifunze kusiriba ukuta, na kwangu hakuna ukuta wa udongo. Utaniruhusu nije nao kwako, uwasimamie?"

Hapo umemwomba yeye akusaidie wewe, na si uongo, maana watoto wetu wa siku hizi hawajui kusiriba. Atakaa kwenye kigoda atoe amri, na atafurahi. Kama ni mzee wa kiume, muulize kuhusu kuni: mti gani unawaka vizuri, unapasuliwaje. Atakuchukua mpaka nyuma ya nyumba akuonyeshe, na wewe utaona mwenyewe zimebaki ngapi.

Ukiwa umekaa, tazama bila kukagua kwa macho makali. Kuna kuni chini ya paa? Analala juu ya nini? Anapikia ndani au kuna jiko la nje? Anatembeaje usiku kwenda chooni? Mahindi yake yako wapi? Rudi nyumbani ndipo uandike. Usitoe daftari mbele yake.

Mwarifu pia balozi au mwenyekiti wa kitongoji, ili kusije kutokea maneno, hasa kama mzee ana shamba ambalo ndugu wanaligombania. Na kama ana mtoto mjini, mpigie simu umwambie mnachofanya. Wengi wanatuma fedha wakiambiwa jambo kamili: mabati mawili, blanketi moja, fundi wa siku moja. Wakiambiwa "mama yako ana hali ngumu" wanaumia, hawajui waanzie wapi.

Katikati ya Mei: ziba upepo, ila acha hewa

Baridi ya huku ni ya upepo. Ukuta ukiwa na nyufa na nafasi kati ya tofali na bati, blanketi tatu hazitakutosha. Subiri jioni yenye upepo, washa mshumaa, upitishe polepole kando ya fremu za madirisha, chini ya mlango, na pale ukuta unapokutana na paa. Uwe mbali na pazia. Mwali ukilala upande mmoja, weka alama ya mkaa ukutani. Fanya hivyo chumba cha kulala kwanza.

Nyufa za ukuta wa tofali za kuchoma zibe kwa mchanga na saruji kidogo. Ukuta wa udongo unasiribwa. Sisi tunatumia udongo wa kichuguu kwa sababu unashika, tunauchanganya na mchanga kidogo, majani makavu yaliyokatwakatwa mafupi, na samadi mbichi ya ng'ombe. Ukande kwa miguu, uache ulale usiku mmoja. Kesho yake nyunyizia ukuta maji kabla ya kupaka, la sivyo ukuta mkavu utanyonya maji ya udongo na siriba yote itabanduka ikikauka. Paka tabaka la kwanza jembamba, liache lipasuke kidogo, kisha la pili la kulainisha. Hii ndiyo sababu ya kuifanya Mei: mvua zimekata lakini jua bado lina nguvu ya kukausha. Ukichelewa mpaka Julai, ukuta unakaa mbichi wiki nzima na chumba kinakuwa baridi kuliko ulivyokikuta.

Chini ya mlango weka gunia lililokunjwa au mfuko mrefu wa nguo ulioshonwa na kujazwa mchanga. Kwenye dirisha la wavu tu, shona pazia zito la blanketi kuukuu. Kama nyumba haina dari, hata mkeka au turubai iliyotandazwa kwenye kenchi juu ya kitanda inapunguza baridi inayoshuka kutoka kwenye bati usiku. Ila turubai isikae juu ya mahali panapowashwa moto.

Usizibe kila kitu. Acha tundu moja juu ya ukuta, la ukubwa wa nusu tofali, katika kila chumba cha kulala. Watu wazima watalalamika. Sababu nitaieleza mbele, na ndiyo sehemu ninayoomba isomwe hata kama nyingine zote zinarukwa.

Kuni

Kuni za Juni zinakatwa kabla ya Juni. Mti mbichi unatoa moshi mwingi na joto kidogo, kwa sababu moto unatumia nguvu zake kukausha maji yaliyomo ndani. Huku kwetu miwati ndiyo bora. Inapasuka vizuri, inawaka taratibu na makaa yake yanakaa. Mkaratasi unafaa ukikauka sana. Msindano ni wa kuwashia tu, si wa kukalia, maana utomvu wake unarusha cheche na masizi.

Pasua vipande vyenye unene wa kifundo cha mkono, vipange kwa kukatiza ili hewa ipite, juu ya mawe au magogo mawili ili visiguse ardhi, na juu funika kwa bati. Pembeni acha wazi. Utajua zimekauka zikipasuka nyufa kwenye ncha, na ukigonganisha vipande viwili vinalia, havitoi sauti ya kufa.

Kwa bibi pasua vyembamba zaidi na vifupi zaidi, mikono yake haiwezi shoka. Mpangie ukutani karibu na mlango wa jikoni, urefu usiozidi kiuno chake. Nimeona watu wakimletea mzee gogo zima la mwati, wakaondoka wameridhika, naye akaliangalia tu mpaka Septemba.

Wakati mko shambani kukata kuni, fyekeni na barabara ya kuzuia moto kuzunguka mashamba ya miti na nyuma ya nyumba. Majani ya Julai na Agosti ni makavu, upepo ni mkali, na mtu mmoja anayechoma mabaki ya shamba anaweza kumaliza miti ya miaka kumi ya kijiji kizima kwa mchana mmoja. Palilieni mpaka udongo uonekane, si kufyeka majani juu juu.

Jiko la mkaa: halilali ndani

Kila kipupwe, mkoa mmoja au mwingine wa huku, tunasikia habari ya watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke. Mama na watoto. Wanafunzi waliopanga chumba. Vibarua waliofika mjini usiku. Si wajinga hao. Walisikia baridi, wakafunga mlango na madirisha, wakaingiza jiko lililokuwa limeshapikia chakula cha jioni, wakalala.

Mkaa unapoungua mahali penye hewa kidogo unatoa hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho kama moshi. Ukiivuta inashika kwenye damu mahali pa oksijeni na haiachii kirahisi, kwa hiyo mtu anakosa hewa huku akipumua vizuri tu. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea na usingizi mzito. Mtu aliyelala hazioni kabisa.

Watu wengi hukosea hapa: wanadhani hatari ni moshi. Wanasubiri mkaa ukolee, uwe mwekundu usio na moshi, ndipo wanaingiza jiko ndani wakiamini sasa ni salama. Hata lile linaloonekana limekaribia kuzima, lenye majivu juu na wekundu chini, linaendelea kutoa hewa hiyo. Kufunika kwa majivu hakusaidii. Kuweka bakuli la maji kando ya jiko, kama wengine wanavyoshauriana, hakusaidii chochote.

Kwa hiyo nyumbani kwangu kuna sheria, na watoto wote wanaijua kwa moyo:

Jiko la mkaa linawashwa nje. Likiingia sebuleni kupasha watu joto, mlango au dirisha liwe wazi, na watu wawe macho. Kabla ya mtu wa kwanza kwenda kulala, jiko linatoka nje. Si kwenye korido wala stoo. Anayelitoa anarudi anasema kwa sauti, "Jiko liko nje," na lazima mtu mwingine aitikie. Lile tundu la nusu tofali nililosema haliruhusu mtu kulala na jiko. Lipo kwa ajili ya siku ambayo sheria itasahauliwa, na hata hapo usilitegemee.

Ukikuta watu hawaamki katika chumba chenye jiko, usikae humo ndani kuwatingisha. Vuta pumzi nje, ingia, fungua mlango na madirisha, watoe nje mmoja mmoja, piga kelele majirani waje. Anayepumua mlaze kwa ubavu. Wote wapelekwe hospitali hata wakisema wamepata nafuu, na huko mseme wazi kwamba kulikuwa na jiko la mkaa, ili wapewe oksijeni mapema. Zimamoto na uokoaji wanapatikana kwa namba 114.

Kwa bibi, hapa ndipo uzungumze bila kuzunguka. Wazee wengi wamekulia kwenye nyumba za nyasi ambazo moto uliwaka katikati usiku kucha na hewa ikapita kwenye paa lote. Nyumba yake ya sasa ina bati na dari, na wewe umetoka kumzibia nyufa. Usipomweleza hilo, umeifanya nyumba yake kuwa ya hatari kuliko ulivyoikuta. Mweleze kwa mfano huo huo wa nyumba ya nyasi. Ataelewa mara moja.

Mahindi

Mahindi ya huku yanakomaa wakati wa baridi, kwa hiyo kukauka kwake ni kazi. Usiyavune na kuyatupa sakafuni. Anika kwenye turubai au kichanja, si kwenye udongo, geuza mara kadhaa kwa siku, na ingiza ndani kabla umande haujashuka, yaani mapema kama saa kumi na nusu. Unyevu unaleta ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Yaliyobadilika rangi au kuota ukungu yatenge. Usimpe kuku wala usimpe mtu.

Kupima ukavu bila mashine, chukua chupa safi ya kioo iliyokauka kabisa. Weka mahindi mpaka theluthi yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15 na hayajawa tayari. Ikibaki inateleza, anika siku mbili tatu zaidi kwa usalama, maana kwa kuhifadhi muda mrefu tunataka yafike asilimia 13 na nusu au chini yake.

Kisha yaweke kwenye mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko miwili ya nailoni ndani na kiroba nje. Jaza wa ndani, kandamiza hewa itoke, sokota shingo, ikunje na kuifunga kwa kamba. Halafu wa pili vivyo hivyo. Halafu wa nje. Dumuzi na fukusi waliomo wanakosa hewa na kufa, bila dawa yoyote. Panga juu ya mbao, mbali na ukuta, na uwe macho na panya, kwa sababu tundu moja linaharibu kazi yote.

Mzee anayeishi peke yake hawezi kufungua na kufunga gunia la kilo 100. Mgawie kwenye mifuko midogo anayoweza kuimaliza kwa mwezi.

Vitanda

Mtu anajifunika blanketi nne na bado anatetemeka, kwa sababu baridi inatoka chini. Anza na chini ya godoro: maboksi yaliyofunguliwa, magunia safi, mkeka mnene. Godoro la sponji likikonda, weka blanketi moja juu yake kabla ya shuka. Ukiwa na blanketi tatu, moja iwe chini na mbili juu.

Mitumba nunua Machi na Aprili, kabla ya msimu. Tafuta sufu nzito, ishike dhidi ya mwanga uone kama imechakaa, nusa. Fua kwa maji ya moto, anika juani siku mbili. Kwa mtoto na kwa mzee, kofia na soksi za kulalia ni bora kuliko blanketi ya ziada. Chupa ya maji ya moto nayo inafaa: maji yawe ya moto si ya kuchemka, kifuniko kikazwe, izungushiwe khanga, iwekwe kitandani nusu saa kabla ya kulala. Mzee mwenye ganzi miguuni asilale nayo, itamuunguza bila yeye kujua.

Asubuhi blanketi zitoke juani. Zinapata unyevu usiku, na blanketi yenye unyevu haipashi mtu.

Jikoni, jioni

Kipupwe ndicho kipindi ambacho familia zetu hukaa pamoja kuliko wakati wowote. Shule zimefungwa, mavuno yanaingia, ndugu wanapanda basi kutoka Dar wakiwa na majaketi ya kuazima. Saa kumi na mbili na nusu wote wako jikoni kwenye mafiga. Viazi mviringo vinafukiwa kwenye majivu ya moto, mahindi yanachomwa, mtu anasema "Kitendawili!" na watoto wanaitika "Tega!" Mimi nawasihi wazazi waiache runinga sebuleni saa hizo. Moto upo, wazee wapo, kuni zimeshapasuliwa.

Chakula cha kipupwe ni makande, na yanakula kuni. Njia ya kupunguza: loweka mahindi yaliyokobolewa na maharage usiku kucha, asubuhi chemsha kwa nguvu nusu saa sufuria ikiwa imejaa na kufunikwa. Kisha iingize haraka kwenye kikapu kikubwa, vile vya milulu vya Iringa ni vizuri mno, chenye blanketi kuukuu au majani makavu yaliyoshindiliwa chini na pembeni. Funika juu kwa mto mzito. Yanajipikia humo saa nne hadi tano. Jioni yarudishe motoni yamalizikie na uyaunge. Sufuria ikiwa nusu tupu inapoa, kwa hiyo pika ya nyumba mbili. Chungu cha bibi kimepatikana hapo hapo.

Asubuhi, uji wa ulezi. Chai ya tangawizi ni nzuri ila haishibishi, na nimeona wazee wanaoishi kwa chai tupu Julai nzima kwa sababu hawana nguvu ya kusonga ugali.

Juni: Jumamosi ya pamoja

Kuna kazi ambazo familia moja haiziwezi: kubadilisha mabati, kusiriba nyumba nzima, kuchimba choo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hizo zinasubiri siku ya ujima, na mimi napendelea Jumamosi ya pili ya Juni, baada ya shule kufungwa na kabla ya mavuno kukolea.

Wiki mbili kabla, zungumza na balozi na viongozi wa jumuiya za makanisa na msikiti, watangaze siku moja, si kila mmoja na yake. Chagueni nyumba tatu tu. Tulipojaribu nyumba nane kwa siku moja, jioni kulikuwa na nyumba mbili zisizo na paa na wingu limetanda. Kila nyumba iwe na msimamizi mmoja anayejua kazi hiyo. Vijana paani, akina mama na akina baba kwenye udongo, watoto wasombe maji na majani. Andikeni nani analeta nini: nyundo, misumari, ngazi, ndoo, debe la mahindi, maharage. Togwa inanyweka kuanzia asubuhi. Komoni, pombe yetu ya kienyeji, isubiri mpaka ngazi zote zishushwe.

Msiba ukitokea mtaani, kazi inaahirishwa bila mjadala.

Hatupigi picha za mzee akipokea blanketi. Kama kuna anayetaka kumwonyesha mtoto wa mzee aliyetuma fedha, apige picha ya ukuta. Blanketi na nguo zinapelekwa jioni, kimya, na mtu mmoja anayemfahamu. Mwenye nyumba naye apewe nafasi ya kutoa. Bibi yetu alitoa kuku mmoja, na kuna kijana alitaka kumrudishia. Nilimkataza. Kuku tulimchinja tukamla wote pale pale, naye akagawa nyama kwa mkono wake.

Juni hadi Agosti: zamu

Hapa ndipo wengi huishia njiani. Ukuta umesiribwa, watu wamepongezana, halafu wiki ya tatu ya Julai, usiku wa baridi kuliko zote, hakuna aliyepita.

Gaweni siku saba kwa nyumba saba. Mwenye Jumatatu anapita kila Jumatatu, asubuhi, na asubuhi yoyote jirani wa karibu anatazama kama moshi umetoka jikoni kwa bibi. Saa mbili hakuna moshi, mtu aende. Akifika, mambo ya kuangalia ni machache. Amekula nini jana? Maji yapo ndani? Jiko lililala wapi? Miguu ina vidonda au funza? Vumbi la kiangazi linazaa funza, na sakafu ya udongo inyunyiziwe maji na kufagiliwa kila siku.

Kikohozi chenye homa, kuchanganyikiwa ghafla, au mzee aliyekuwa akitetemeka halafu ameacha kutetemeka na anasinzia, ni safari ya kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwa mjukuu, hesabu pumzi akiwa ametulia kwa dakika nzima. Kuanzia miezi miwili hadi asiyetimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno; kuanzia mwaka mmoja hadi asiyetimiza mitano, ni 40. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, usisubiri asubuhi.

Na bustani. Usiku ukiwa shwari, anga nyeupe na nyota nyingi, sakitu inakuja. Funika kitalu kwa majani makavu jioni, funua jua likichomoza. Kwa bibi ni kazi ya mtoto wa darasa la tano, dakika kumi.

Septemba

Jua likirudi, fueni blanketi zote za nyumba mbili siku moja, mkazianike kwenye uzio mmoja. Weka majani ya mwarobaini au magazeti kati yake unapozikunja, uzifunge kwenye mfuko juu ya kabati. Kisha keti na bibi, sasa daftari linaweza kutoka, mwandike pamoja: kuni ziliisha tarehe ngapi, ufa upi ulifunguka, mahindi yalibaki debe ngapi, zamu ya nani ilikosekana. Mwaka jana kwetu kuni ziliisha tarehe 9 Agosti, kwa hiyo mwaka huu tumeongeza mikokoteni miwili, na bibi amesema mmoja uwe wa mwati mtupu.